Sauti ya Mzee Redioni

Leo tunazungumza nawe, mama au mlezi unayeishi na mzee nyumbani.

Huenda mzee wako anakula vizuri na kumeza dawa za presha kila siku, lakini kutwa nzima hana wa kuzungumza naye. Hilo pia ni jambo la afya. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba upweke huongeza hatari ya kupata kiharusi, ugonjwa wa moyo na kupungua kwa kumbukumbu. Mzee anahitaji watu, na kazi ya kumwonyesha kwamba bado anategemewa.

Redio ya jamii inaweza kumpa kazi hiyo. Hiki ni kituo ambacho wenyeji wenyewe hushiriki kutayarisha vipindi. Mfano ni Radio Mang'elete kule Makueni, iliyoanzishwa na vikundi vya akina mama na kuanza kutangaza mwaka 2004. Mtu hahitaji cheti ili aeleze shida ya maji kijijini, au jinsi wazee wanavyorudi kutoka zahanati mikono mitupu.

Kusema hayo ni haki yake. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaitaka serikali ihakikishe wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Na tangu mwaka 2013, zahanati na vituo vya afya viko chini ya kaunti. Basi wazee wanaweza kumwalika afisa wa afya wa kaunti studioni na kumuuliza: dawa zitafika lini? Ahadi iliyotolewa hewani husikika na wengi, na kipindi kijacho wazee wataiulizia.

Faida inakufikia hata wewe unayenyonyesha. Mara nyingi mama mkwe ndiye anayesema mtoto mchanga apewe maji. Nyanya akieleza redioni kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi 6, bila hata maji, nyanya wenzake watamsikiliza kama mtu wa rika lao.

Unaweza kumsaidiaje mzee wako?

1. Muulize kwanza kama anataka. Asilazimishwe.
2. Tafuta wenzake wawili au watatu kanisani, msikitini au kwenye chama, waende kituoni pamoja.
3. Wachague jambo moja tu kwa kila kipindi.
4. Apate mtu wa kumsindikiza. Asiruke dawa zake, na arudi nyumbani kabla ya giza.
5. Ikiwa hawezi kutembea, uliza kituoni kama anaweza kurekodiwa nyumbani kwa simu.
6. Wasitaje jina la mgonjwa hewani. Ushauri kuhusu dawa, zikiwemo za mitishamba, utolewe na mhudumu wa afya.

Kumbuka: kumtunza mzee ni pamoja na kumpa nafasi ya kusema na kusikilizwa.

Swali la kujadili katika kikundi chenu: Ni jambo gani la afya hapa kwetu ambalo wazee wanalijua vizuri, lakini hakuna aliyewahi kuwauliza?