Je, Binti Ana Fungu Katika Nyumba ya Baba Yake?

Somo: Hesabu 27:1-11, Ayubu 42:13-15

Matanga yakiisha hapa kwetu Lweba, baba wadogo na kaka wanaketi kugawa mashamba na kiwanja. Mabinti wa marehemu wako jikoni wanaosha vyungu. Hakuna anayewaita. Tunasema, "Huyo ataolewa, ni mtu wa ukoo mwingine. Ndiyo desturi ya wazee." Tuwasikilize basi wazee wenyewe, halafu tusikie Neno.

1. Ndoa haimfuti binti. Wanyanga wa Walikale wanasimulia habari za mwami Shemwindo. Aliwaagiza wake zake saba wazae mabinti tu. Je, aliwapenda? Hapana, alitamani mali ya kuwaoza. Alipozaliwa mtoto wa kiume, Mwindo, baba alimfungia ndani ya ngoma akamtupa mtoni. Nani alimwokoa? Iyangura, shangazi yake, dada wa huyo huyo mwami. Alikuwa ameolewa mbali, lakini hakuisahau damu ya kwao.

2. Binti anaweza kutunza nyumba. Walunda wa Katanga wanasimulia kwamba wana wa mfalme Konde, Kinguri na Chinyama, walimtendea baba yao vibaya. Lueji, binti yake, alimtunza. Konde akamwachia yeye lukano, bangili ya ufalme. Lueji akaolewa na Chibinda Ilunga, mwindaji Mluba, na ukoo wa kifalme wa Mwant Yav unahesabu asili yake kwao.

3. Mungu mwenyewe alikata shauri. Hadithi za wazee si Maandiko. Neno je? Selofehadi alikufa jangwani bila mtoto wa kiume. Binti zake watano, Mala, Nuha, Hogla, Milka na Tirsa, walisimama mbele ya Musa na mkutano wote. Hawakutukana mtu. Waliuliza tu kwa nini jina la baba yao lipotee. Musa hakujibu kwa akili yake, alipeleka neno kwa BWANA. BWANA akasema wana haki, wapewe urithi.

Mtu ataniambia, "Pastà, wale hawakuwa na kaka." Ni kweli. Basi soma Ayubu 42. Ayubu alikuwa na wana saba na binti watatu, na binti aliwapa urithi pamoja na kaka zao. Hata Sheria ya Familia ya nchi yetu, ya mwaka 1987, inawahesabu watoto wa kiume na wa kike kuwa warithi sawa.

Baba, usingoje kaburi. Sema leo, mbele ya mashahidi, na uandike. Kaka, dada yako akirudi kutoka kwa bwana wake akiwa mjane, atalima wapi? Na wewe uliyekwisha kumnyang'anya, toba ya kweli inarudisha, kama Zakayo alivyorudisha.

Tuombe: Bwana, tufungue macho, tusile fungu la dada zetu. Kwa jina la Yesu. Amina.