Kampeni yako itaishi vikao vingapi? Hesabu za msimulizi na dadu zake

Kampeni tunayoizungumzia hapa haina wagombea wala kofia za bure. Ni neno la wachezaji wa michezo ya kuigiza mezani, ile ya jamii ya Dungeons & Dragons. Watu wanne au watano wanakaa kuzunguka meza, kila mmoja na mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi: mwizi, mganga, askari aliyefukuzwa jeshini. Mmoja wao hana mhusika. Huyo ndiye msimulizi. Anaeleza dunia ilivyo, anaigiza kila kiumbe kingine kilichomo, na ndiye mwamuzi wa sheria. Wachezaji wanasema wahusika wao wanafanya nini, na panapokuwa na shaka kama jambo litafanikiwa, dadu inarushwa. Hadithi ikiendelea wiki hadi wiki na wahusika walewale, hiyo ndiyo kampeni.

Mambo haya yana ukoo mrefu. Mwaka 1824 ofisa wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa mchezo wa ramani wa kufundishia maofisa, wenye dadu, majedwali na mwamuzi. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani wakachapisha Dungeons & Dragons, na badala ya kikosi kizima, mchezaji akapewa mtu mmoja wa kumwongoza. Hapo ndipo maumivu yalipoanza. Kikosi kikifa unachora mstari kwenye karatasi. Lakini mhusika uliyekaa naye miezi minane akifa kwa sababu ya namba moja mbaya, watu wanarudi nyumbani kimyakimya, na wengine hawarudi tena mezani.

Kwa hiyo ukitaka kuwa msimulizi, unabeba Jumamosi za watu wengine. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya yanayoua kampeni inahesabika kwa hisabati ya sekondari.

Joka halijaua kampeni nyingi kama ratiba

Tuseme una wachezaji watano na kila mmoja ni mtu wa kuaminika: anakuja wiki 85 katika kila 100. Umeweka sharti kwamba asipokuwepo hata mmoja, kikao kinaahirishwa. Uwezekano wa kucheza wiki hii ni 0.85 mara yenyewe mara tano, yaani 0.44. Watu watano wa kuaminika, na bado zaidi ya nusu ya wiki hamchezi! Kampeni ya vikao 20 itakuchukua wastani wa wiki 45. Karibu mwaka mzima, na katikati hapo kuna mtu atahama mji, mwingine atapata kazi ya zamu.

Sasa badilisha sharti moja tu: wakifika wanne, tunacheza. Uwezekano unapanda hadi 0.83 na ushei, na vikao 20 vinakwisha kwa takriban wiki 24. Hujambembeleza mtu wala kugombana na yeyote kwenye grupu la WhatsApp.

Hesabu hii inadhani kwamba kila mtu anakuja au haji kivyake, bila kuhusiana na mwenzake. Kwa kawaida si hivyo. Ikiwa wawili kati yao wanatumia usafiri mmoja, wanakuja pamoja au hawaji kabisa. Hapo kanuni ya “wote au basi” inapata nafuu kidogo, 0.52, kwa sababu kukosekana kwao kunaangukia wiki zilezile. Kanuni ya “wanne wanatosha” inashuka kidogo, karibu 0.80, maana hao wawili wakikosekana mnabaki watatu. Lakini bado iko mbali mbele. Ushauri wangu: kabla hujachora ramani yoyote, kubalianeni mhusika wa asiyekuwepo anafanya nini. Anaumwa tumbo, anabaki kulinda punda, vyovyote. Andika hilo kwanza.

Taa za mfululizo na taa sambamba

Kuna kosa la kupanga linalojirudia kila mahali. Msimulizi anatunga fumbo: nani ametia sumu kisima cha kijiji? Jibu liko kwenye barua iliyofichwa chini ya godoro. Ili kuiona barua mchezaji anarusha dadu ya pande 20 na kutakiwa apate 9 au zaidi. Hiyo ni namba 12 kati ya 20, asilimia 60. Inaonekana rahisi. Lakini maana yake ni kwamba asilimia 40 ya meza zitakazocheza fumbo hili zitakwama palepale, zikitazamana, huku msimulizi akijikuna kichwa.

Mbaya zaidi ni mnyororo. Wapate barua, kisha wamshawishi mlinzi, kisha wafungue kufuli, kisha wasome maandishi ya kale. Hatua nne, kila moja ina uwezekano wa asilimia 75. Wengi husikia “75, 75, 75, 75” na kujisikia salama. Zidisha: 0.32. Ni kama zile taa za mapambo zilizofungwa kwa mfululizo, moja ikiungua zote zinazimika.

Fundi umeme anakwambia funga sambamba. Justin Alexander, mwandishi wa Marekani anayejulikana sana kwa wasimulizi, ana kanuni yake: kwa kila jambo ambalo lazima wachezaji waligundue, weka dalili tatu. Kila moja ikiwa na asilimia 60, uwezekano wa kuzikosa zote ni 0.4 × 0.4 × 0.4, yaani 0.064. Wataona angalau moja kwa asilimia karibu 94.

Kuna mitego miwili hapa. Kwanza, dalili tatu ndani ya chumba kimoja si dalili tatu. Wachezaji wakiamua kukichoma moto chumba hicho (na wataamua, niamini), zote zimekwenda pamoja. Ziweke mahali tofauti na kwa watu tofauti: barua nyumbani, mbuzi waliokufa kando ya mto, mtoto aliyeona kitu usiku. Pili, hata 94 ukiiweka kwenye mnyororo wa hatua nne inakuwa 77. Ndiyo maana mfumo wa GUMSHOE wa Robin D. Laws ulikata kabisa: dalili ya lazima haifichwi nyuma ya dadu. Mhusika mwenye ujuzi unaofaa akitafuta mahali panapofaa, anapata. Mimi nakubaliana nao kwa hadithi za upelelezi. Dadu irushwe kwa mambo ambayo kushindwa kwake pia kunaleta hadithi: umeipata barua, lakini je, mwenye nyumba amekusikia?

Usiandike mti

Wasimulizi wapya huandika kama watunzi wa riwaya: wakienda kushoto, itatokea hivi, wakienda kulia, vile. Chukua njia tatu tu kwa kila kikao. Baada ya vikao kumi, matawi ni 3 mara 3 mara 3 hadi mara kumi: 59,049. Utaandika hadi lini? Na wachezaji watachagua njia ya nne.

Kinachofanya kazi ni kuandika hali badala ya matukio. Nani anataka nini, ana uwezo gani, na asipozuiwa atafika wapi? Apocalypse World, mchezo uliotoka mwaka 2010, ulitumia mchoro wa saa: duara lililogawanywa vipande, na kila tajiri mwovu akipiga hatua moja unapaka rangi kipande kimoja. Saa ikijaa, bandari imetekwa. Kurasa mbili za namna hiyo zinatosha mwezi mzima, maana hujali wachezaji wamepita wapi, unajali wamegusa nini.

Kwa nini fisi wanane si mara mbili ya fisi wanne

Hapa ndipo wahusika wanapokufa bila msimulizi kukusudia. Kundi lako la wahusika wanne limewashinda fisi wanne kwa shida kidogo. Wiki ijayo unataka pambano gumu mara mbili, unaweka wanane. Dakika ishirini baadaye meza ni msiba.

Mhandisi wa Uingereza, Frederick Lanchester, aliieleza sababu yake mwaka 1916 akifikiria vita vya ndege. Ukiongeza idadi mara mbili, mapigo yanayotoka kila raundi yanakuwa mara mbili, na pia adui ana miili mara mbili ya kuangusha. Mbili mara mbili ni nne. Nguvu ya kundi inakua kwa kipeo cha pili cha idadi yake. Kwa hiyo ili wanne wawe sawa na wanane, kila mmoja lazima awe bora mara nne, si mara mbili.

Kanuni hiyohiyo inakwambia watabaki wangapi. Watano dhidi ya wanne wa uwezo sawa: 25 toa 16 ni 9, kipeuo chake cha pili ni 3. Fisi mmoja tu wa ziada, na wanabaki watatu wamesimama huku wanne wako wote wamelala. Wanane dhidi ya wanne: 64 toa 16 ni 48, wanabaki karibu saba. Geuza upande wa pili utaelewa pia kwa nini jitu lako la kutisha, peke yake, huwa linakufa raundi ya pili: dhidi ya wanne linahitaji ubora mara 16. Lipe walinzi.

Ila kanuni hii inadhani kila mmoja anaweza kumpiga yeyote. Mlango mwembamba unaoruhusu wawili tu kupigana unaivunja, na uchawi wa moto unaopiga kundi zima unaivunja vilevile. Wachezaji wazuri wanajua hilo bila kumsoma Lanchester, wanakimbilia mlangoni. Basi wachoree mlango.

Sasa weka kifo kwenye kipimo cha kampeni nzima. Hatari ya asilimia 5 kwa kikao inasikika ndogo. Kwa vikao 20, mhusika mmoja ana uwezekano wa 0.36 kufika mwisho. Wote wanne kufika pamoja, ikiwa kila mmoja ana bahati yake? Chini ya 0.02. Ukishusha hatari hadi asilimia 1, mmoja anafika kwa 0.82 na wote wanne kwa 0.45. Chagua namba kabla ya kampeni kuanza, na waambie wachezaji ni kampeni ya aina gani. Wako wanaopenda hatari, na wako waliomwandikia mhusika wao kurasa nane za maisha ya utotoni.

Mifumo mingi ina ngazi ya kuokoka. Katika toleo la Dungeons & Dragons la mwaka 2014, aliyeanguka anarusha dadu ya pande 20 kila zamu: 10 na zaidi ni alama nzuri, chini yake mbaya, tatu za aina moja zinaamua. Ukipata 1 inahesabika mbaya mbili, ukipata 20 unazinduka papo hapo. Nimeikokotoa hatua kwa hatua: asiposaidiwa wala kupigwa tena, anakufa kwa asilimia 40.5. Wachezaji wengi hudhani ni nusu kwa nusu. Si nusu, lakini pia si kitu cha kupuuza ukiwa na dawa mfukoni na rafiki yako yuko chini.

Je, msimulizi aidanganye dadu?

Wasimulizi wengi hurusha nyuma ya kizuizi cha karatasi, na kukiwa na namba ya kuua wanasema nyingine. Sielewani nao. Wachezaji hugundua, huwa wanagundua tu, na tangu siku hiyo kila ushindi wao una alama ya kuuliza. Ukiona matokeo fulani hutaweza kuishi nayo, usirushe. Amua kwa mdomo: jitu linamteka badala ya kumuua. Lakini ukishaamua kurusha, rusha mbele ya watu.

Na kama huna dadu za pande 20, dadu za ludo zinatosha, ila usijumlishe tatu tu na kuridhika. Jumla ya dadu tatu hulundikana katikati: 10 na 11 kila moja inatokea mara 27 katika 216, wakati 18 inatokea mara moja tu. Kwenye dadu ya pande 20 kila namba ina asilimia 5 yake. Fanya hivi: rusha dadu tatu za rangi tofauti. Ya kwanza soma 1 hadi 5, ikitoka 6 irudie. Ya pili ikiwa 4 na kuendelea, ongeza 5. Ya tatu ikiwa 4 na kuendelea, ongeza 10. Utapata 1 hadi 20, kila moja kwa haki sawa.

Wengine huchomoa vikaratasi 20 kwenye bakuli. Inafanya kazi mradi kila kikaratasi kirudi ndani kabla ya kuchomoa kingine. Kisiporudi, bakuli linakuwa na kumbukumbu: namba mbaya zikishatoka, zilizobaki ni nzuri, na mchezaji anayehesabu atajua lini hasa pa kumvamia joka. Dadu haina kumbukumbu hiyo, hata mtu akiapa kwamba yake “imeshachoka kutoa moja”. Kuna wanaoliacha bakuli bila kurudisha kwa makusudi, ili bahati mbaya isimwandame mtu mmoja usiku mzima. Mkikubaliana hivyo mapema ni sheria nzuri kabisa, na inakata ugomvi.