Mto uliobanwa na miamba

KIANGAZI cha mwaka 2005 niliogelea katika mto ambao leo nautumia kufundishia jiografia. Uko Missouri, Marekani, katika hifadhi iitwayo Johnson's Shut-Ins.

Shule ya msingi niliisoma Karagwe, Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi. Chuo nikasomea St. Louis. Jumamosi moja wenzangu wa uhamishoni walinipakia garini, tukasafiri kama saa mbili kuelekea kusini.

Msomaji, miamba ile ilizaliwa na volkano yapata miaka bilioni 1.4 iliyopita. Kwingine mto umekula mawe laini ukajitanua. Hapo umekuta jiwe gumu, ukabanwa, ukapenya kwenye nyufa. Kokoto zinazozungushwa na maji zimechimba mashimo mfano wa vinu vya kutwangia, na watu huteleza kutoka kidimbwi kimoja hadi kingine, watoto kwa wazee.

Mimi sikujua kuogelea. Karagwe maji yalikuwa ya kuchota. Nilishuka kwa makalio, mkondo ukanizoa, Mkongomani mmoja akanidaka mkono. Walinicheka mpaka jioni. Usiku tulilala kwenye hema, kambini, bondeni.

Juu yetu, kwenye mlima Proffit, kulikuwa na bwawa la kuzalisha umeme. Usiku pampu huyapandisha maji, mchana yanaachiwa yashuke yakizungusha mitambo. Desemba 14, 2005, kabla ya mapambazuko, vipimo vya kina vilitoa taarifa zisizo sahihi, bwawa likajazwa kupita kiasi, ukuta ukabomoka. Maji zaidi ya lita bilioni 4 yaliporomoka kwa muda usiotimia nusu saa, yakikokota miti, mawe na matope. Nyumba ya msimamizi wa hifadhi ilisombwa, yeye, mkewe na watoto wao watatu wakiwa ndani. Wote walipona. Kambi ilikuwa tupu kwa sababu ya baridi.

Habari ilinikuta napiga pasi shati. Nilizima pasi, nikakaa kitandani nikihesabu mahema ya usiku ule wa kiangazi, hema baada ya hema, na watoto waliokuwamo.

Ukuta ulijengwa upya kwa zege, kambi ikahamishiwa mbali na njia ya maji, na mwaka 2010 wageni wakaanza kulala tena. Mafuriko yalichubua ubavu wa mlima hadi jiwe la kale likawa wazi, na wanajiolojia wamelifurahia. Mimi nimeshindwa kufurahi pamoja nao.

Nilirudi pale mwaka 2011, kabla ya kuja nyumbani. Nilitazama mlimani kwanza, kisha nikaingia majini. Safari hii nilijua kuogelea.

Shule yetu haiko mbali na Rusumo, ambako Akagera nayo inazalisha umeme. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeuliza: "Mwalimu, na sisi je?" Namchorea ubaoni: Rusumo hakuna bwawa juu ya mlima, mitambo inazungushwa na mto unaopita. Wengine huridhika. Wengine hubaki wakiutazama mchoro hata baada ya kengele, nami siufuti.