Fimbo ya Mbali: Jinsi Kifaa Kidogo Kinavyotawala Tarakilishi kutoka Nje

Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa miaka mingi methali hii ilitawala pia kazi ya mafundi wa tarakilishi. Mashine ilipokwama, fundi hakuwa na budi kufunga safari hadi ilipokuwa, akaketi mbele yake, akaitazama skrini yake na kubonyeza kibodi yake. Leo kipo kifaa kinachotoshea kiganjani ambacho kimeirefusha fimbo hiyo hata ikavuka bahari. Makala haya yanaeleza jinsi kifaa hicho kinavyofanya kazi, tofauti yake na programu za kudhibiti tarakilishi kwa mbali, na kinachokifanya kiwe msaada mkubwa kwa fundi na silaha kali kwa mwizi. Kiini cha yote hayo ni kimoja: tarakilishi haimjui aliyeketi mbele yake.

Kudhibiti tarakilishi kwa mbali si jambo geni. Katika miaka ya 1990, watafiti wa maabara moja mjini Cambridge, Uingereza, walibuni VNC, programu inayosafirisha picha ya skrini kupitia mtandao na kuipelekea mashine maagizo ya kibodi na kipanya kutoka kwa mtu aliye mbali. Programu nyingi za aina hiyo zimefuata tangu hapo. Hata hivyo, zote zina kasoro moja ya kimsingi: huishi ndani ya mfumo wa uendeshaji wa tarakilishi ileile zinayoidhibiti. Mfumo huo usipoamka, programu nayo hulala. Kuitegemea programu kama hiyo wakati mashine imeharibika ni sawa na kumtaka mgonjwa aliyezirai apige simu kumwita tabibu.

Watengenezaji wa seva waliling'amua tatizo hili mapema. Mnamo 1998, kampuni za Intel, Hewlett-Packard, NEC na Dell zilitoa kanuni za pamoja zinazojulikana kama IPMI. Kwa kufuata kanuni hizo, ndani ya seva huwekwa tarakilishi nyingine ndogo sana ambayo hukesha hata seva yenyewe inapozimwa, mradi tu umeme haujakatika. Aidha, vilikuwapo vifaa vya kuunganisha seva kadhaa na kibodi moja, skrini moja na kipanya kimoja. Vifaa hivyo huitwa KVM, herufi zinazosimamia majina ya Kiingereza ya kibodi, video na kipanya. Baadaye vilitokea vile vilivyoweza kutumika kupitia mtandao, lakini bei yake ilikuwa ya taasisi kubwa, si ya shule wala ya duka.

Mabadiliko yalianza mwaka 2012, ilipozinduliwa nchini Uingereza tarakilishi ya bei nafuu iitwayo Raspberry Pi, yenye ukubwa wa kadi ya benki. Toleo lake la nne, lililotoka 2019, lilikuwa na uwezo uliokidhi haja hasa: tundu lake moja la USB liliweza kuifanya ijitambulishe kwa tarakilishi nyingine kama kibodi au kipanya. Ni juu ya msingi huo ambapo mtayarishaji programu Maxim Devaev alijenga PiKVM, mradi ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuutumia. Vifaa vingine vya jamii hiyo vimetokea baadaye, vingine vidogo zaidi.

Utendaji wa kifaa hiki unaeleweka kwa urahisi kikilinganishwa na mwili wa binadamu. Kwanza, kina jicho. Kebo ya HDMI hutoka katika tarakilishi na kuingia katika kifaa badala ya kuingia katika skrini. Kifaa hujitambulisha kuwa ni skrini, na tarakilishi, bila shaka yoyote, hukitumia picha zake. Kifaa huzibana picha hizo na kuzipeleka mtandaoni, ambako fundi huzitazama kupitia kivinjari cha kawaida.

Pili, kina mkono. Kebo ya USB huunganisha kifaa na tarakilishi, na kupitia kebo hiyo kifaa hudai kuwa ni kibodi na kipanya. Kwa kawaida tarakilishi hulikubali dai hilo papo hapo, na ina sababu. Kibodi ndiyo njia ya mtumiaji kujibu maswali; mashine ikisubiri ruhusa yake kabla ya kuipokea kibodi ya kwanza, mtumiaji atajibu kwa kutumia nini?

Tatu, kina mkoba. Kupitia kebo ileile, kifaa chaweza kujifanya diski, hivyo fundi akapakia humo nakala ya mfumo wa uendeshaji na kuusakinisha upya. Mwisho, nyaya chache zikiunganishwa na vitufe vya kuwashia tarakilishi, kifaa hupata kidole cha kuizima na kuiwasha hata ikiwa imeganda kabisa.

Chukua mfano wa seva iliyoko Lodwar na fundi aliyeko Nairobi. Umeme umekatika ghafla na kurudi, na sasa seva inasimama katika hatua za mwanzo za kuwaka, ikiuliza swali ambalo hakuna wa kulijibu. Programu ya udhibiti haiwezi kusaidia kwa kuwa bado haijaamka. Kwa kutumia kifaa hiki, fundi hulisoma swali hilo kama aliyesimama chumbani, akabonyeza kitufe kinachotakiwa, na safari ya barabarani ya zaidi ya kilomita 600 ikaepukwa. Mipaka nayo ipo. Kifaa chenyewe kinahitaji umeme na mtandao, picha huchelewa kidogo njiani, na hakiwezi kubadilisha diski iliyoungua.

Sifa iyo hiyo inayomfaa fundi ndiyo inayomfaa mhalifu. Mnamo Aprili 2013, mtu aliyejifanya fundi wa tarakilishi aliingia katika tawi la benki eneo la Swiss Cottage, London, akaunganisha na tarakilishi mojawapo kifaa cha KVM pamoja na kisambaza mtandao cha simu, kisha akaondoka. Wenzake waliitumia mashine hiyo wakiwa nje, na zaidi ya pauni milioni 1.2 zikahamishwa. Mnamo Septemba mwaka huohuo, mbinu kama hiyo ilijaribiwa katika tawi la benki nyingine eneo la Surrey Quays, lakini polisi waliwatia mbaroni washukiwa. Ni muhimu kutambua kwamba katika tukio la kwanza hakuna aliyehitaji kuuvunja ukuta wa kielektroniki wa benki. Mlango uliofunguliwa ulikuwa wa mbao au wa kioo, na mtu ndiye aliyeufungua.

Mfano wa pili ni wa karibuni. Mnamo Juni 2025, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kwamba sehemu 29 katika majimbo 16 zilikuwa zimepekuliwa. Ilidaiwa kuwa wafanyakazi wa Korea Kaskazini walikuwa wakipata ajira katika kampuni za Marekani kwa kutumia utambulisho wa watu wengine. Kampuni zilituma tarakilishi za kazi katika anwani za Marekani, na huko washirika wao waliziunganisha, miongoni mwa mbinu nyingine, na vifaa vya KVM. Kwa mtazamo wa mwajiri, mfanyakazi alikuwa nchini. Ukweli ni kwamba vidole vyake vilikuwa ng'ambo. Programu ya ulinzi iliyo ndani ya tarakilishi hupata shida kuukamata ujanja huu, kwa sababu inachokiona ni kibodi na skrini tu.

Kinga yake basi ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ya kiufundi, na inamhusu mwenye kifaa halali. Anapaswa kuibadilisha nywila ya kiwandani siku ya kwanza, kuongeza hatua ya pili ya uthibitisho, na kamwe asikiache kifaa wazi kwenye intaneti, bali akifikie kupitia mtandao wa faragha uliosimbwa. Atakayekiteka kifaa hiki atakuwa kama aliyekalia kiti cha mwenye tarakilishi. Kinga ya pili ni ya kibinadamu: kukagua nyaya zilizo nyuma ya mashine, na kuthibitisha utambulisho wa kila anayejiita fundi kabla ya kumruhusu kuingia.

Hapa ndipo suala la lugha linapojitokeza. Anayesimama mlangoni si mtaalamu wa tarakilishi. Ni bawabu, karani au mfagiaji, na katika taasisi nyingi za Kenya watu hawa huelewana kwa Kiswahili. Mtu hawezi kukitilia shaka kitu asichokuwa na jina lake. Kiswahili tayari kina neno kitenzambali, lililozoeleka kwa kifaa cha kuongozea runinga. Neno hilo limeundwa vizuri: kiambishi ki- cha ngeli ya KI-VI, ambacho aghalabu hubeba dhana ya ala, kimeungana na dhana ya kutenda na ya umbali. Lakini kitenzambali cha runinga hutuma amri tu, hakioni chochote. Kifaa kinachojadiliwa hapa huona na kutenda kwa pamoja, na hatari yake imo katika kuona kama ilivyo katika kutenda.

Wanafunzi wa isimu wana njia mbili. Waweza kuipanua maana ya kitenzambali, kama lugha ifanyavyo kila siku, au kuunda istilahi mpya kama vile kitawalambali, itakayodokeza mamlaka kamili. Istilahi mpya ina faida zaidi, kwa kuwa ile ya zamani humkumbusha msikaji kitu kisicho na madhara sebuleni. Hata hivyo, jina lolote litakalochaguliwa halitafaa kitu likibaki katika kamusi na kurasa za majarida. Litafaa litakapofika katika notisi iliyobandikwa mlangoni, kwa sentensi ambayo bawabu ataielewa.

Methali ya wahenga, kwa hiyo, haijachakaa. Imepata upande wa pili. Fimbo ya mbali sasa yaweza kuua nyoka, lakini haichagui mkono unaoishika, na tarakilishi haiwezi kuutofautisha mkono wa fundi na wa mwizi. Kazi hiyo imebaki kwa binadamu aliye karibu.