Anayekaa Kwenye Kiti cha Mhasibu

Kampuni ya LastPass ya Marekani hufanya biashara ya kutunza nywila za watu. Hata hivyo, mwaka 2022 wezi walinakili akiba za nywila za wateja wake. Kuzifikia kulihitaji funguo ambazo wahandisi wanne tu ndio waliokuwa nazo, kwa hiyo wezi wakamfuata mmoja wao nyumbani. Kompyuta yake binafsi ilikuwa na Plex, programu ya kutazamia filamu, toleo la zamani lenye ufa. Wakapenyeza humo kirusi kinachonasa kila kinachoandikwa, wakasubiri aandike nywila kuu. Ufa huo ulikuwa umeshazibwa na watengenezaji tangu Mei 2020. Mhandisi hakuwa amesasisha.

Kama yaliwakuta hao, tutazame ofisi ya duka la jumla pale Kariakoo. Kompyuta moja ya mezani ndiyo inayoingia benki, TRA, NSSF na kwenye hesabu za stoo. Mhasibu alichoka kuandika nywila kila asubuhi. Kivinjari kilipomuuliza kama kizihifadhi, alikubali. Tangu siku hiyo, yeyote anayekaa kwenye kiti chake ni mhasibu: kijana wa stoo anayechapa risiti, fundi aliyekuja kurekebisha printa, hata mgeni aliyeomba kuchaji simu.

Kirusi nacho hukaa kwenye kiti hichohicho. Kikishaingia kupitia akaunti ya mhasibu, kompyuta hukiona kama yeye mwenyewe. RedLine, kimojawapo cha virusi hivi, kilikomba nywila kutoka vivinjari vya watu duniani kote hadi polisi wa Uholanzi na wenzao wa nchi nyingine walipozima mitambo yake Oktoba 2024. Njia mojawapo ya kuenea kwake ilikuwa programu zilizokrakiwa, zilezile ambazo fundi hutuwekea kwa bei ya kutupa.

Kujilinda hakuhitaji fedha nyingi. Kila mfanyakazi awe na akaunti yake kwenye kompyuta, na akaunti ya kazi za kila siku isiwe na mamlaka ya kuweka programu mpya. Anayenyanyuka kitini abonyeze kitufe cha Windows na L, skrini ijifunge. Nywila zitoke kwenye kivinjari, ziende kwenye programu maalumu ya kuzitunza yenye nywila kuu yake. Diski isimbwe, ili mashine ikiibwa usiku mwizi apate chuma tu. Mashine zenye Windows 10 ziangaliwe upya, maana Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Lakini hata haya yote yakitimizwa, nywila inaweza kuvuja. Ndiyo sababu benki nyingi huwapa wateja wa biashara utaratibu wa watu wawili: mmoja anaandaa malipo, mwingine anaidhinisha. Tatizo ni kwamba bosi akisafiri kwenda Guangzhou kufuata mzigo, humwachia mhasibu nywila zote mbili, na zote huishia kwenye kompyuta ileile. Lakini bosi husafiri na simu yake. Aidhinishe malipo akiwa hukohuko.