Ni Nani Aliye Ndani ya Jitu la Chuma?

Siku ya karamu wageni husifu pilau, na bibi arusi husifiwa vazi lake. Ni wachache mno waendao jikoni kumpa pole mpishi aliyekesha katika moshi, au kumwuliza fundi aliyeshona usiku kucha kwa mwanga wa taa. Karamu ikiisha, masufuria huoshwa, na mpishi hatajwi tena.

Ndivyo ilivyo pia kwa michezo ya televisheni. Leo, wasomaji wapenzi, tunawasimulia habari za mchezo mmoja mashuhuri wa Uingereza, na za kipindi kingine kilichoufuata nyuma kama ndugu mdogo. Kazi ya kipindi hicho ilikuwa moja tu: kumshika mtazamaji mkono na kumwingiza jikoni.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo huo huitwa Doctor Who. Ulianza kuonyeshwa na BBC, yaani Shirika la Utangazaji la Uingereza, Jumamosi tarehe 23 Novemba 1963. Ni hadithi ya kubuni. Yupo bwana mmoja aitwaye Doctor, asiye mtu wa dunia hii, asafiriye katika nyota na katika karne. Chombo chake kina umbo la kibanda cha polisi cha rangi ya buluu. Ukikitazama kwa nje, watu wawili watatu wangekijaza. Ukiingia ndani, ni kikubwa kama jumba. Juma hili yuko katika Roma ya kale, juma lijalo yuko katika nyota ya mbali, na kila aendako hukutana na madude ya kutisha. Huyashinda kwa akili zaidi kuliko kwa silaha.

Madude yaliyopata sifa kuliko yote huitwa Dalek. Yalionekana mara ya kwanza Desemba 1963. Dalek ni kama kengele kubwa ya chuma itelezayo sakafuni. Jicho lake limewekwa kwenye fimbo, mkono mmoja ni bunduki, na mkono wa pili ni ule mpira wa kuzibulia bomba la jikoni! Sauti yake ni ya kukwaruza, kama ya mashine iliyokasirika. Watoto wa Uingereza waliiogopa hata ikawa kama msemo nchini mwao kwamba mchezo huo hutazamwa kutoka nyuma ya kochi.

Lakini ndani ya lile jitu palikuwa na nani? Palikuwa na mtu, ameketi juu ya kibao, akijisukuma kwa miguu yake.

MAFUNDI WA ZAMANI

Miaka ile ya kwanza hakuna aliyeona haja ya kuwaonyesha watu wa namna hiyo. Aliyechora umbo la Dalek alikuwa Raymond Cusick, mchoraji wa kuajiriwa. Madude yale yalipopendwa nchi nzima, vikatengenezwa vitu vya kuchezea watoto vyenye umbo hilo, na mwandishi wa hadithi, Terry Nation, alipata fedha nyingi. Cusick alipata mshahara wake na zawadi ndogo tu.

Tazameni pia habari ya Delia Derbyshire. Ron Grainer aliandika wimbo wa kufungulia mchezo, akampa karatasi akaenda zake. Bibi huyu hakuwa na bendi, wala vinanda vya umeme tuvijuavyo leo havikuwapo. Alipiga uzi mmoja uliokazwa, akanasa sauti katika utepe. Akanasa na milio ya mashine za kupimia umeme. Kisha akaikata tepe vipande vipande kwa wembe, kila noti kipande chake, akaviunganisha kimoja kimoja hata wimbo ukakamilika. Grainer alipousikia alistaajabu, akauliza kama kweli ndio ule alioandika yeye. Alitaka bibi huyu aandikwe pamoja naye kuwa mtungaji, lakini utaratibu wa shirika haukuruhusu. Kwenye televisheni liliandikwa jina la karakana tu. Delia alifariki mwaka 2001. Jina lake liliandikwa katika mchezo wenyewe mara ya kwanza mwaka 2013, mchezo ulipotimiza miaka 50.

Na kuna hasara kubwa kuliko hiyo. Siku zile tepe za picha zilikuwa ghali. Mchezo ukiisha kuonyeshwa, tepe ilifutwa ili itumike tena, na nakala za filamu zilizouzwa ng'ambo nyingi zilitupwa baadaye. Hivyo sehemu zaidi ya 90 za miaka ya 1960 hazikupatikana tena. Sauti zake zipo zote, kwa sababu watazamaji wengine, wengi wao vijana, walizinasa nyumbani kwa mashine zao za tepe. Naam, waliohifadhi ni watoto wa watu, si wenye mali.

Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu 9 zilizodhaniwa kupotea zimeonekana. Zilikuwa wapi? Hazikuwa London, wasomaji! Zilikuwa katika kituo cha televisheni cha mji wa Jos, nchini Nigeria, zikiwa juu ya rafu zimeshika vumbi. Afrika ilikuwa imetunza kilichotupwa Ulaya.

PAZIA LINAFUNGULIWA

Mchezo ulisimamishwa mwaka 1989, ukajaribiwa kwa filamu moja mwaka 1996, kisha ukarudi kwa nguvu tarehe 26 Machi 2005, ukitengenezewa Cardiff, mji mkuu wa Wales. Usiku uleule, mchezo ulipokwisha, mwenye kutaka aligeuza televisheni yake kwenye BBC Three akakuta kipindi kipya, Doctor Who Confidential. Kikawa kinafuata kila sehemu, juma kwa juma.

Humo mtazamaji alijibiwa lile swali la Dalek. Dalek mmoja ni kazi ya watu watatu! Ndani amekaa mwigizaji Barnaby Edwards akilisukuma kwa miguu kama zamani. Mtu wa pili yuko pembeni na chombo cha redio, akigeuza kichwa na jicho. Wa tatu ni Nicholas Briggs, amesimama na kipaza sauti, sauti yake ikipita katika kifaa kinachoigeuza iwe ya mashine. Watatu hao wakikosana hata kidogo, jitu la kutisha huwa bati tupu.

Alionekana pia Paul Kasey, mwigizaji ambaye watu milioni wamemtazama na hawaujui uso wake, kwa maana daima huwa ndani ya sura ya mpira ya dude hili au lile. Alionekana Neill Gorton na mafundi wake, wakichukua umbo la uso wa mtu kusudi watengeneze sura itakayomkaa barabara. Alionekana Mike Tucker na wenzake, waliojenga mfano mdogo wa mnara wa saa wa London, saa kwa saa, tofali kwa tofali. Na wote wakijua kwamba umejengwa uvunjwe na chombo cha nyota kwa dakika moja!

BASI LILILOVUNJIKA

Hadithi moja hasa itawafurahisha wasafiri wetu wa mabasi. Mwaka 2009 walitaka kuonyesha basi jekundu la ghorofa, kama yale ya London, limetupwa katika jangwa la nyota nyingine. Wakatafuta mchanga wa kweli, wakapeleka basi kwa meli mpaka Dubai. Lilipokuwa bandarini, winchi iliangusha kontena juu yake. Ghorofa ya juu ikabonyea vibaya.

Fikirini hali ya watu wale. Waigizaji wamekwisha kulipiwa safari, siku za jangwani zinahesabika, na basi ndilo hilo. Wangefanya nini? Walikaa, wakafikiri, na mwandishi Russell T Davies akaikubali ajali iwe sehemu ya hadithi: basi limeumia kwa kupita katika tundu la kutoka dunia moja kwenda nyingine. Basi lingine lililokuwa Wales likabondwa lifanane nalo. Walipofika jangwani, upepo ukavuma, mchanga ukaingia machoni na katika mashine. Wakavumilia, wakapiga picha.

Mchezo huo ulionyeshwa Jumamosi Kuu ya mwaka ule, tarehe 11 Aprili. Aliyeutazama peke yake aliona basi limevunjika akasema, "Wametengeneza vizuri." Aliyetazama na kile kipindi cha pili alijua habari ya kontena, na akajifunza jambo la kumfaa hata shambani kwake: kazi ikiharibika, usikimbilie kulia wala kumtafuta wa kulaumiwa. Uliza kwanza hicho kilichobaki kitafaa nini.

FAIDA KWA WATOTO

Wengine watasema, "Kuwaonyesha watoto mtu aliye ndani ya dude si kuwaharibia hadithi?" Hapana. Mtoto aliyeogopa dude, akiisha kuliona likivua kichwa na mtu mwenye jasho akinywa maji, hulala vizuri usiku. Juma lijalo hutazama tena, na huogopa tena kidogo, kwa hiari yake. Pamoja na hayo, ameona kwamba duniani kuna ufundi wa kila namna: kushona, kuchora, kufinyanga, kuchomelea, kupiga rangi, kuandika. Mtoto aliyedhani kazi ya sinema ni kuwa mzuri wa uso ameona ni kazi ya mikono mia.

Mwaka 2011 yalifanywa mashindano, watoto wa shule watunge mchezo mfupi wa Doctor. Walioshinda ni watoto wa shule moja ya Hampshire. Walimleta mtaalamu Albert Einstein ndani ya kile kibanda cha buluu. Mchezo wao ukaigizwa na Matt Smith mwenyewe, aliyekuwa Doctor wa wakati huo, ukaonyeshwa katika Confidential tarehe 1 Oktoba 2011.

KIPINDI KINAFUNGWA

Ajabu ni kwamba wakati uleule kipindi kilikuwa kimekwisha hukumiwa. Siku chache kabla yake ilitangazwa kwamba kitafungwa, maana shirika lilikuwa linapunguza matumizi. Watazamaji maelfu walitia sahihi kuomba kiachwe. Haikufaa kitu. Mchezo wenyewe ukaendelea. Waliofungiwa mlango ni wa jikoni.

Hatuwezi kuwalaumu sana watunza fedha. Kila mama anajua kwamba fedha ikipungua huanza kukatwa kile kisichoonekana mezani. Lakini mama huyo anajua pia kwamba, jikoni pakisahauliwa, siku moja hata mezani patakosa kitu. Watu wa 1963 waliona utepe ni bora kuliko picha iliyomo, na wajukuu wao wakaja kuitafuta picha hiyo mpaka Nigeria.

Baada ya miaka 12 mlango ulifunguliwa tena. Novemba 2023 kilianza kipindi cha namna ileile, Doctor Who: Unleashed, kikiongozwa na Steffan Powell, mtu wa Wales.

Basi, mzazi, mwanao akirudi jioni kutoka kutazama sinema kwa jirani, macho yamemtoka kwa hofu ya dude aliloliona, usimcheke, wala usimwambie tu, "Ni uongo ule." Mkalishe karibu nawe umwulize: "Unadhani ni nani aliyekuwa ndani? Na nguo ile ilishonwa na nani?" Kisha mwache afikiri.