Kambi ya Likizo kwa Mtoto Anayefuata Maji

Mei haijaisha, meza yangu ya vitenge pale Soko Kuu la Chifu Kingalu huwa imeshageuka kijiwe cha kina mama wanaoulizana: likizo ya Juni mtoto unampeleka wapi? Kuna kambi za vijana wa kanisa, za madrasa, za Skauti, za mpira. Mimi huwasikiliza kwa makini kuliko wote. Mwanangu ana miaka 12 na ana usonji. Haongei sana, spika zikifunguliwa huziba masikio na kukimbia, na akiona maji huyafuata.

Kambi ya watoto wenye mahitaji maalumu peke yao sijawahi kuona bango lake hapa Morogoro Mjini, kwa hiyo natafuta katika hizi za kawaida. Haki anayo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 30 kinamtaja mtoto mwenye ulemavu na haki yake ya kucheza sawa na wenzake. Ila mkataba hauendi mtoni na mtoto.

Na mto ndio wa kuanzia. Kambi hupenda kupandisha watoto kuelekea milima ya Uluguru, na huko maji yako kila kona. Mto Morogoro unashuka kwa kasi kati ya mawe. Mvua ikinyesha mlimani unaweza kujaa huku mjini jua linawaka. Watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji, tena hutoroka kimya kimya, na kuzama ni moja ya hatari kubwa zaidi kwao. Kwa hiyo kiongozi akiniambia, “Mama, ondoa shaka, tunapokea watoto wote,” namuuliza: wenzake wakiwa wanaoga, nani atakuwa naye? Nitajie jina. Akijibu “tutakuwepo wote”, naaga. Wote maana yake hakuna mtu.

Hilo si deko la mama. Mwaka 1962, huko Maryland, Marekani, Eunice Kennedy Shriver alifungua kambi ya watoto wenye ulemavu wa akili nyumbani kwake, akatafuta vijana wa sekondari na vyuo wawe karibu na watoto hao, takriban mmoja kwa mmoja. Michezo ya Special Olympics, iliyoanza Chicago mwaka 1968 na ambayo hata Tanzania inashiriki, ilichipuka kutoka kambi ile. Vijana sisi tunao: chuo kikuu cha SUA kipo hapa, cha Mzumbe ni jirani, na kwenye chuo cha Kigurunyembe wanasomea ualimu kabisa. Kambi isiyowatafuta imeamua tu kutowatafuta.

Mwenzangu, ambaye mwanawe ana mtindio wa ubongo, huanza na choo. Choo cha kuchuchumaa kisicho na mahali pa kushika humfanya mtoto akatae kunywa maji kutwa nzima. Mzazi wa mtoto mwenye kifafa aulize nani atatunza dawa na kuitoa kwa saa yake. Mtoto mwenye ualbino apate kofia pana, mikono mirefu, na matembezi ya asubuhi. Kupanda mlimani hadi Morningside, kwenye ile nyumba ya Wajerumani ya 1911, si lazima kwa kila mtoto. Ule mwinuko huwatoa jasho hata wenye miguu mizima.

Safari hii nimempata kiongozi ambaye, kabla hata hatujafika kwenye ada, aliniuliza: “Akikasirika hufanya nini, na nini humtuliza?” Nikamwambia: kitambaa chake cha bluu, na kuachwa kidogo. Akaandika.

Juni hii ataenda asubuhi na kurudi jioni. Kulala tutajaribu Desemba. Tutampeleka kwanza Jumamosi moja, uwanja ukiwa mtupu, aone choo, mahali pa kula, na chumba cha kukimbilia kelele zikizidi. Dada yake atafuatana naye. Nauli ya daladala ya wote wawili nitalipa mimi. Chakula cha dada, kambi imesema itampa.